Gazi ya ziwa Kivu: mambo ya kulinda mbele ya mashini kuanza kunyonya

Chini ya maji ya ziwa Kivu kumefungwa karibu kilometa za ujazo 300 za gazi kaboniki na karibu 60 za metani, zikipimwa kama zingekuwa huku juu hewani. Metani inawaka, na umeme unaweza kutoka ndani yake. Gazi kaboniki haiwaki: inazima moto, na ikiwa nyingi inazima hata mtu. Zote mbili zinakaa ndani ya maji yale yale, na hapo ndipo kazi ya kiwanda inapokuwa ngumu. Hakuna namna ya kuchukua moja bila kugusa ingine.

Kandokando ya ziwa hilo wanaishi watu zaidi ya milioni 2, kutoka Goma mpaka Bukavu, Sake, Minova, Kalehe, kisiwa cha Idjwi, na ng'ambo ya mpaka Gisenyi, Kibuye na Cyangugu. Wengi wanakunywa maji yake. Wengi wanakula sambaza zake. Kwa hiyo habari ya gazi si ya wataalamu peke yao.

Upande wa Rwanda, kunyonya kumekwisha kuanza. Kiwanda cha KivuWatt, karibu na Kibuye, kilizinduliwa mwaka 2016 na kinatoa megawati 26. Kingine, Shema Power Lake Kivu, kimejengwa upande wa Rubavu, si mbali na Goma, kikiwa na uwezo wa megawati 56. Upande wa Congo, serikali ilitia vitalu 3 vya gazi kwenye mnada mwezi wa saba 2022: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Mwanzoni mwa 2023 Waziri wa Hidrokarbiri alitangaza kampuni zilizoshinda, za Marekani na Canada. Kati ya kutangaza na kujenga kuna safari ndefu, na vita imeirefusha zaidi. Lakini huu ndio wakati mzuri wa kuuliza maswali, maana karatasi bado inaweza kubadilishwa. Tiyo ya chuma ikisha kushushwa mita 300 ndani ya maji, kuibadilisha ni hesabu ingine.

Tena si jambo jipya kabisa. Mbelgiji Damas aligundua gazi hiyo katika miaka ya 1930 alipokuwa anapima maji ya ziwa. Katika miaka ya 1960 kituo kidogo pale Cap Rubona kilianza kupeleka metani kwenye kiwanda cha pombe cha Bralirwa, Gisenyi, kwa kuchemshia maji. Mwaka 1975 Zaïre na Rwanda walitia sahihi mapatano ya kutumia gazi kwa pamoja. Zaidi ya miaka 40 ilipita kati ya mapatano hayo na umeme wa kwanza mkubwa, na ulitoka upande mmoja tu.

Gazi inakaa chini namna gani

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 mahali penye urefu zaidi. Maji yake hayachanganyikani kama ya maziwa mengine. Tabaka la juu, karibu mita 60, lina oksijeni. Humo ndimo samaki wanaishi. Chini ya pale hakuna oksijeni, na hakuna samaki. Kadiri unavyoshuka, maji yanakuwa na chumvi zaidi, joto kidogo zaidi, na mazito zaidi, kwa sababu chemchemi za moto zinaingia kutoka sakafuni. Kwenye mita 260 hivi kuna ngazi moja kubwa: maji ya chini yake ni mazito kuliko ya juu yake kwa namna inayoonekana wazi kwenye vipimo. Ngazi hiyo ndiyo kifuniko cha sufuria.

Gazi kaboniki inatoka katika mawe ya volkano. Metani, sehemu kubwa, inatengenezwa na vijidudu vidogo vinavyoishi kule chini bila hewa. Uzito wa maji ya juu ndio unaozishikilia zote mbili. Ni kama chupa ya Fanta iliyofungwa: kinywaji kimetulia, mapovu hayaonekani, mpaka siku mtu anafungua. Maji ya chini kabisa yanabeba karibu lita 2 za gazi kaboniki na chini kidogo ya nusu lita ya metani katika kila lita moja ya maji.

Watu wengi wa Goma wanauliza: ile ziwa itapasuka siku gani? Swali linatoka Cameroun. Tarehe 21 mwezi wa nane 1986, ziwa Nyos lilitoa gazi kaboniki usiku, ikashuka mabondeni na kuua watu zaidi ya 1,700 pamoja na ng'ombe wao, hata vijijini vilivyo mbali na ziwa. Miaka 2 mbele ya pale, ziwa Monoun, vilevile la Cameroun, lilikuwa limeua watu 37. Ukilinganisha na Kivu, Nyos ni kidimbwi.

Lakini jibu linapashwa kusemwa kwa utulivu. Gazi ya Kivu leo imefika karibu nusu tu ya kile maji ya kina kile yanaweza kubeba. Ili mapovu yaanze, inahitajika gazi iongezeke sana, ao kitu chenye nguvu kubwa kisukume maji ya chini yapande. Mwaka 2004 wanasayansi walifanya vipimo vilivyoonyesha kwamba metani inaongezeka, na hofu ikapanda. Vipimo vipya vya 2018, vilivyotolewa mwaka 2020 na watafiti wa inchi mbalimbali waliolinganisha vyombo vyao, havikuona ongezeko hilo. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma na kuingia ziwani. Tabaka za chini hazikutikisika. Hatari ipo, lakini si ya kesho asubuhi. Mtu anayetangaza kwamba ziwa litalipuka wiki ijayo anadanganya, na mtu anayesema kwamba hakuna hatari yoyote anadanganya vilevile.

Kunyonya gazi, kukifanywa vizuri, kunapunguza hatari hiyo pole pole, maana kinachotolewa hakipo tena. Kukifanywa vibaya kunaweza kulegeza kifuniko chenyewe. Ndiyo maana namna ya kufanya ina uzito kuliko megawati.

Mashini inafanya nini

Chombo kikubwa kinaelea ziwani, kimefungwa kwa nanga. Cha KivuWatt kiko kilometa 13 hivi kutoka pwani. Tiyo inashuka mpaka mita 350. Pampu inaanzisha tu; maji yakisha kupanda, uzito wa juu unapungua, mapovu yanatoka, na mapovu yenyewe yanavuta maji mengine. Tiyo inaendelea kujivuta bila kusukumwa. Ni jambo la ajabu na la kupunguza garama, lakini fundi yeyote anaona upande wa pili wake: tiyo inayojivuta yenyewe inapashwa kuwa na valvu inayoweza kuifunga yenyewe pia, hata umeme ukikatika, hata kama hakuna mtu. Tiyo ikipasuka katikati bila valvu, itamwaga maji ya chini kwenye tabaka la samaki.

Mita chache chini ya uso wa ziwa, maji yanaingia ndani ya chombo cha kutenganisha. Gazi inatoka ikiwa imechanganyikana. Gazi kaboniki ni nyingi mno, haiwezi kuingia hivyo katika mota. Basi inaoshwa kwa maji ya juu ya ziwa. Gazi kaboniki inayeyuka katika maji kwa urahisi kuliko metani, kwa hiyo maji ya kuoshea yanaibeba, na metani inabaki safi zaidi. Inasafirishwa kwa tiyo ndefu mpaka pwani, inachomwa kwenye mota, umeme unatoka.

Kila hatua inapoteza kitu. Metani kidogo inabaki ndani ya maji yanayorudishwa. Ingine inatoka pamoja na maji ya kuoshea ao hewani. Hiyo ya hewani si hasara ya kampuni peke yake: kilo moja ya metani inapasha dunia joto kuliko kilo moja ya gazi kaboniki, zaidi ya mara 25 kwa hesabu ya miaka 100. Metani ikisha kuchomwa inageuka gazi kaboniki, na madhara yanapungua sana. Kwa hiyo kipimo kimoja cha kumwomba mwenye kiwanda ni rahisi: katika metani yote iliyopanda kwenye tiyo, ni sehemu gani ilifika kwenye mota?

Maji yanarudi wapi

Hapa ndipo ugomvi wa wataalamu ulikaa muda mrefu, na hapa ndipo raia anapashwa kuelewa hata kama hakusoma fizika.

Maji ya chini yakisha kutolewa gazi hayawezi kutupwa juu ya ziwa. Yana mbolea nyingi ya asili, fosforasi na amonia iliyojikusanya kwa karne nyingi. Hayana oksijeni. Yana ile gazi yenye harufu ya mayai mabovu, sulfidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu. Yakimwagwa kwenye tabaka la juu, majani madogo ya majini yatashiba na kuongezeka, maji yatakuwa ya kijani, kisha majani hayo yatakufa na kuoza na kula oksijeni. Samaki watakosa pumzi. Sambaza, ambazo zililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na leo zinalisha familia nyingi za pwani, zinakaa katika tabaka hilo hilo dogo. Na mtu anayechota maji kwa bidoni pale pwani atakuwa anachota kitu kingine.

Kwa hiyo maji yanapashwa kurudi chini. Lakini chini wapi? Ukiyarudisha pale pale yalipotoka, unachanganya maji yasiyo na gazi na yale yenye gazi. Kesho utanyonya maji dhaifu, na jirani yako pia. Ukiyarudisha juu kidogo ya ngazi kubwa, gazi ya chini haichanganyikani, lakini tabaka la chini linapungua mwaka kwa mwaka, ngazi inashuka, na tabaka za katikati zinabadilika. KivuWatt wanavuta kwenye mita 350 hivi na kurudisha kwenye 240 hivi. Kila chaguo lina garama yake. Kisichokubalika ni kuchagua kwa kufuata bei ya tiyo: tiyo fupi ni ya bei ndogo, na kurudisha maji karibu na uso ni rahisi kuliko kuyapeleka chini. Kampuni yenye haraka itavutwa upande huo.

Mwaka 2009 kundi la wataalamu wa inchi mbalimbali waliandika kanuni za namna ya kuendesha gazi ya Kivu. Mpangilio wao uko wazi: usalama wa watu kwanza, ziwa na viumbe vyake, kisha faida. Kanuni zinazuia kuvunja tabaka na kumwaga maji ya chini katika sehemu ya samaki. Rwanda inazitumia kwa kutoa ruhusa, na ina kikundi cha kudumu kinachopima ziwa. Kwa upande wa Congo swali la kwanza ni kama kanuni hizo zimeandikwa ndani ya mikataba ya Makelele, Idjwi na Lwandjofu, neno kwa neno, pamoja na adhabu. Kanuni iliyo nje ya mkataba ni shauri tu.

Tena mpaka wa inchi mbili unapita juu ya maji. Tabaka hazina habari nao. Kiwanda cha Rwanda kikiharibu ngazi, Goma itaathirika. Kiwanda cha Congo kikifanya vibaya, Gisenyi itaathirika. Kwa hiyo vipimo vinapashwa kuwa vya pamoja, hata siku wakubwa wa kisiasa hawasemezani. Chombo cha bonde la ziwa Kivu na mto Ruzizi, ABAKIR, kinachokusanya Congo, Rwanda na Burundi, kiliundwa kwa mambo ya namna hiyo. Namna hali ilivyo tangu mwanzo wa 2025, wakati Goma na kisha Bukavu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23, ni vigumu kuona ni sahihi ya nani itaheshimiwa na pande zote. Ziwa halingoji jibu hilo.

Moto, sumu na kutu

Hatari za kila siku za kiwanda cha gazi hazihusu mlipuko wa ziwa zima. Ni ndogo zaidi, na zina uwezekano mkubwa zaidi wa kutokea.

Metani inawaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Chini ya pale ni kidogo mno, juu ya pale hewa haitoshi. Ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo nje inapanda na kupotea; ndani ya nyumba ao chini ya paa inajikusanya darini, na cheche ya swichi inatosha. Ndiyo maana nyumba za mota zinapashwa kuwa na matundu juu, vyombo vya kunusa gazi, na taa zisizotoa cheche.

Sulfidi ya hidrojeni ina ujanja mbaya. Ikiwa kidogo sana, pua inaisikia haraka. Ikiwa nyingi, inaua pua kwanza: mfanyakazi anafikiri gazi imekwisha, kumbe ameacha tu kuisikia. Mfanyakazi hawezi kutegemea pua yake. Anapashwa kuvaa kipimo kinacholia. Gazi hiyo hiyo, pamoja na gazi kaboniki na maji ya chumvi, inakula chuma. Tiyo iliyowekwa leo ikiwa inang'aa inaweza kuwa nyembamba kama karatasi nyuma ya miaka kadhaa bila kuonekana kutoka nje. Ukaguzi wa unene wa tiyo, wenye tarehe na matokeo yanayowekwa wazi, ni kazi ndogo ya kuchosha, na kampuni zinapenda kuisogeza mbele wakati pesa zimepunguka.

Halafu kuna wavuvi. Uvuvi wa sambaza unafanywa usiku, kwa taa, na ile mitumbwi 3 iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Inaelea, inasukumwa na upepo. Kuzunguka chombo cha gazi kutawekwa eneo la kukatazwa, na vilevile juu ya njia ya tiyo ya pwani, kwa sababu nanga moja inaweza kuikwaruza. Ni haki. Lakini eneo linalokatazwa ni eneo lililokuwa linalisha mtu. Kama mkataba hauandiki nani analipwa, kiasi gani na kwa muda gani, mvuvi ataingia usiku, kwa sababu watoto wanakula kila siku. Bouée zenye taa, ramani iliyobandikwa kwenye kila bandari ndogo, na malipo yanayofika mkononi mwa mvuvi mwenyewe vitalinda tiyo kuliko askari wa majini wanaonyang'anya nyavu.

Kabuno, mahali pesa hazitaki kwenda

Upande wa kaskazini-magharibi, karibu na Sake, kuna ghuba la Kabuno. Limetengwa karibu kabisa na ziwa kubwa. Mlango wake ni mwembamba na wa kina kidogo. Gazi ya Kabuno ni karibu yote kaboniki, na haikukaa mbali: inaanza karibu mita 12 tu chini ya uso. Kifuniko ni chembamba, na volkano Nyamulagira na Nyiragongo ziko juu yake. Kwa wataalamu wengi, ukitaka kutafuta mahali ambapo gazi inaweza kutoka mapema katika Kivu, uanzie pale.

Kabuno haina metani ya kutosha ya kuuza. Hakuna kampuni itakayokuja kunyonya kitu kisichowaka. Njia ya kuondoa gazi inajulikana: Nyos iliwekewa tiyo mwaka 2001, na mwinuko wa maji yenye mapovu ulionekana kama chemchemi katikati ya ziwa. Kikundi cha wahandisi Wafaransa waliofanya kazi hiyo Cameroun wamekuja kujaribu namna hiyo Kabuno, kwa kuanza kidogo. Kumaliza ni kazi ya miaka, na ni serikali inayopashwa kulipa.

Mwezi wa tano 2021 ulionyesha jambo hili lina maana gani. Nyiragongo ilipasuka tarehe 22 usiku. Siku 5 nyuma ya pale, gavana wa kijeshi Constant Ndima alitangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame, kwa sababu moto wa chini ya ardhi ulikuwa umesogea chini ya mji na kuelekea ziwa, na hatari ya gazi haikuweza kuondolewa. Watu mamia ya maelfu walitembea. Wengi walielekezwa Sake. Yaani walikimbia hofu ya gazi ya ziwa kubwa na kulala kandokando ya ghuba lenye gazi iliyo karibu zaidi na uso. Hakuna kitu kilitokea, kwa bahati. Lakini mpango wa kuhamisha watu unapashwa kuandikwa na mtu aliyetazama ramani ya gazi, na kampuni yoyote itakayopata faida kwenye metani ya ziwa hili inaweza kutozwa sehemu ya garama ya Kabuno. Hilo ni jambo la kudai katika mazungumzo ya mkataba, maana bila hilo pesa itaenda penye moto na hatari itabaki penye watu.

Sheria inasema nini

Sheria ya mwaka 2011 juu ya kulinda mazingira, namba 11/009, inalazimisha uchunguzi wa athari mbele ya mradi mkubwa wowote, na inataka raia waulizwe. Sheria ya hidrokarbiri ya 2015, namba 15/012, inahusu pia gazi. Anayesoma uchunguzi wa athari na kutoa maoni kwa niaba ya serikali ni Shirika la Congo la Mazingira, ACE. Kupima volkano ni kazi ya kituo cha OVG pale Goma, ambacho wafanyakazi wake wamefanya kazi mara nyingi bila mshahara wala vyombo vya kutosha.

Kwenye karatasi, si mbaya. Katika hali ya kweli, kuulizwa kwa raia kunakuwa mara nyingi siku moja ya hoteli: wakubwa wa mitaa, wachungaji, mama wa soko wachache, chupa ya maji na nauli ya kurudi. Ripoti ya kurasa mamia iko katika Kifaransa. Watu wanapiga makofi, wanatia sahihi ya kuhudhuria, na sahihi ile inageuka kuwa ruhusa. Shirika la raia likitaka kufanya vizuri zaidi, linaweza kuanza kwa kuomba muhtasari wa Kiswahili siku nyingi mbele ya mkutano, na kuleta mtu mmoja anayejua kusoma mchoro wa tiyo.

Pale mkutanoni, maswali machache yanafungua mengi. Maji yatavutwa kwenye mita ngapi na kurudishwa kwenye mita ngapi, na nani atapima kama kweli yanarudi pale? Vipimo vya chumvi, joto na gazi vitatolewa kwa raia kila mwezi, ao vitabaki kuwa siri ya biashara? Kama ngazi ya mita 260 inaanza kulegea, nani ana mamlaka ya kusimamisha mashini siku ile ile, bila kungoja telegramu ya Kinshasa? Pesa za kuondoa tiyo na chombo siku kampuni itafilisika ziko katika benki gani? Na umeme wenyewe: utafika Kalehe na Idjwi, ao utapita juu ya vichwa vyao kwa nguzo kwenda mbali? Swali la mwisho linahusu mazingira vilevile. Mama anayepika kwa makala yanayotoka msituni Virunga ataacha makala siku atakapokuwa na kitu kingine cha bei anayoweza.

Hesabu inayorudiwa mara nyingi ni kwamba ziwa zima, pande mbili pamoja, linaweza kutoa karibu megawati 700 kwa miaka 55. Ni nyingi kwa eneo ambalo sehemu kubwa iko gizani. Na miaka 55 ni muda mrefu kuliko mkataba wa waziri yeyote.

Gazi ikitoka

Watu wa Goma na Sake wanajua tayari kitu kimoja ambacho watu wengine hawajui: mazuku. Ni ile gazi kaboniki inayotoka ardhini na kulala mashimoni, hasa asubuhi mbele ya upepo. Mbuzi anaingia na hatoki. Mtoto anafuata mbuzi. Gazi kaboniki ni nzito kuliko hewa, haionekani, haina harufu.

Ujuzi huo ndio msingi wa kujiokoa kama ajali itatokea ziwani ao katika kiwanda. Kwa gazi kaboniki, panda: mlima, ghorofa, mahali penye upepo. Usishuke kwenye bonde wala kwenye mtaro, usilaze mtoto sakafuni, usiingie shimoni kumtoa mtu aliyeanguka, maana wengi wanaokufa kwenye mazuku ni wale waliokwenda kuokoa. Kwa metani iliyovuja karibu na kiwanda ao tiyo ya pwani, zima moto wote, makala, sigara, mota ya pikipiki, na uondoke kwa mguu upande upepo unakotoka. Usiguse swichi ya taa, hata kuzima. Harufu ya mayai mabovu ikija ghafla na kisha kupotea, usingoje kuhakikisha.

Kiwanda kinapashwa kuwa na king'ora kinachosikika mpaka kijiji cha karibu, na watu wanapashwa kukisikia mara kwa mara katika mazoezi, kwa siku iliyotangazwa, ili wakijue. Njia za kukimbilia zinapashwa kupanda, si kufuata barabara ya pwani. Goma karibu njia zote kubwa zinafuata pwani ao zinaelekea volkano, na hilo kampuni haiwezi kulibadilisha. Lakini mtu wa Kyeshero ao wa Bulengo anaweza kujua leo, mbele ya siku hiyo, kilima chake ni kipi.